Pale Do Isipoonekana

(Maneno yaliyosemwa bwaloni siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani. Msemaji alisoma hapa tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Sita, 1994 hadi 2000, na sasa ni mkaguzi wa hesabu katika utumishi wa Serikali.)



Nimekula katika bwalo hili kwa miaka sita, na kwa muda wote huo sikuwahi kusimama upande huu wa meza isipokuwa siku moja tu, nilipoitwa kueleza ni nani aliyekula ugali wa zamu. Swali hilo halijajibiwa hadi leo, na mimi sitalijibu.

Mwenyekiti aliponiandikia alitumaini kwamba nitazungumza juu ya kazi ya ukaguzi wa hesabu. Nilifikiri sana, nikaona kwamba mkaguzi anayezungumza baada ya chakula cha mchana huwalaza watu usingizi. Kwa hiyo nimeamua kuzungumza juu ya jambo jingine, ambalo si kazi yangu na halijanipatia hata shilingi moja, lakini limenifunza zaidi ya kazi yangu. Nalo ni kujifunza kupiga tungo ngumu za karne iliyopita kwa chombo kiitwacho viola. Msicheke bado. Mwishoni mtaona kwamba ninalo ombi, na ombi hilo linahusu mali ya shule hii.

Waliosoma hapa wakati wetu watakumbuka chumba kidogo nyuma ya maktaba, mlimowekwa vifaa vya bendi. Ndani yake mlikuwa na tarumbeta mbili zilizopasuka, ngoma moja kubwa, fidla nne, na sanduku moja refu lililojaa vumbi. Ndani ya sanduku hilo ndimo ilimokuwamo viola. Mwalimu mmoja wa kujitolea, aliyekaa nasi miaka miwili, aliwagawia fidla vijana wanne wenye vidole vyembamba. Mimi nilikuwa na mikono mikubwa ya mtoto aliyezoea jembe, akanipa viola. Watu huniuliza kwa nini niliichagua. Sikuichagua, nilipewa kilichobaki.

Kwa faida ya wasioijua, viola ni dada mkubwa wa fidla. Hushikwa begani vilevile na hupigwa kwa upinde vilevile, lakini mwili wake ni mkubwa zaidi. Mwili wa fidla una urefu wa kiasi cha sentimeta 35 na nusu. Viola haina kipimo kimoja, ila nyingi huwa kati ya sentimeta 38 na 43. Nyuzi zake ni nne, C, G, D na A, na ule wa chini kabisa una sauti nzito, yenye mikwaruzo kidogo, kama mzee anayezungumza asubuhi kabla hajanywa chai. Katika okestra viola hukaa katikati, kati ya fidla zinazoimba juu na selo zinazonguruma chini. Kwa miaka mingi watunzi waliipa kazi ya kujaza nafasi tu, kama sauti ya pili katika kwaya, ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku waimbaji wake wasipokuja.

Hali hiyo ilibadilika katika karne ya 20, na waliobadili walikuwa wapigaji wenyewe: Lionel Tertis wa Uingereza, aliyezaliwa 1876, William Primrose wa Scotland, aliyezaliwa 1904, na Paul Hindemith wa Ujerumani, aliyezaliwa 1895, ambaye alikuwa mpigaji na mtunzi pia. Kwa ajili yao na wenzao zikatungwa kazi ambazo leo ndizo mtihani wa kila mpigaji wa viola. Bartók alikufa New York mwaka 1945 akiacha michoro tu ya konseto aliyoagizwa na Primrose, ikabidi rafiki yake Tibor Serly aikamilishe, nayo ikapigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Shostakovich alimaliza sonata yake ya viola mwaka 1975, wiki chache kabla ya kufa, nayo ndiyo kazi yake ya mwisho. Hizi si nyimbo za kuburudisha wageni wa harusi. Ni ngumu kwa vidole, na zaidi ya hapo ni ngumu kwa masikio.

Ugumu huo wa masikio ndio nitakaoueleza, maana ndio ulionitia aibu.

Sisi sote hapa tulifundishwa kuimba kwa do, re, mi. Kwaya ya shule, kwaya ya kanisani, hata nyimbo za gwaride, zote tulizisoma katika karatasi iliyoandikwa kwa herufi, na juu yake mwalimu alitaja do iko wapi. Ukishaambiwa kwamba do ni F, umekwisha pata nyumba. Unajua so iko wapi, unajua te itarudi kwenye do, na hata ukipotea katikati ya ubeti utasikia njia ya kurudi. Ni mafunzo mazuri, na sithubutu kuyadharau. Lakini yana hatari moja: yanakuwezesha kukisia. Nilikuwa hodari sana wa kukisia. Wimbo nikiusikia mara mbili niliweza kuupiga, na mwalimu wetu hakugundua kwamba macho yangu yalikuwa juu ya karatasi lakini hayakuwa yakisoma. Nota za mistari mitano nilizijua kama mtu anavyojua majina ya majirani asiowatembelea.

Kuna jambo la pili lililotokea hapa hapa shuleni, ambalo kwa muda mrefu sikupenda kulisema. Mimi ni Mgogo, na babu yangu alikuwa mpiga zeze. Lilikuwa zeze la nyuzi mbili, kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, na upinde wake ulikuwa wa katani. Nilikua nikilala kwa sauti hiyo. Nilipoingia katika kwaya ya shule, kila tulipofika kwenye ta, yaani ile te iliyoshushwa, sauti yangu ilishuka chini kidogo kuliko ya wenzangu. Nasema kidogo, lakini ilitosha kuharibu mstari mzima. Niliambiwa mbele ya kwaya yote kwamba ninaimba kama mchunga mbuzi. Wenzangu walicheka, baadhi yao wako hapa leo, na nimekwisha wasamehe. Lakini tangu siku ile nilijifunza kuipandisha sauti hiyo, na nikajifunza pia kutomtaja babu na zeze lake. Likizo alipotoa zeze jioni, mimi nilikwenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Babu alifariki mwaka 2007, wala hakuniuliza kwa nini.

Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niliajiriwa Serikalini, na mwaka 2010 nikapata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa masomo ya shahada ya pili ya uhasibu. Mji niliokwenda ulikuwa na okestra ya wanafunzi, na kama mlivyosikia, wapigaji wa viola ni adimu kila mahali. Nikaazimwa chombo siku hiyo hiyo. Nilifaulu vizuri tu. Muziki tuliopiga ulikuwa wa watunzi wa zamani, ambao ndani yake do ipo, na mtu mwenye masikio ya kwaya hukisia sentensi itakapoishia. Nikapata pia mwalimu, mama mmoja mtu mzima, aliyestaafu kutoka okestra. Baada ya miezi michache aliniwekea mbele sonata ya Hindemith kwa viola peke yake, ile Opus 25 namba 1, ya mwaka 1922.

Vijana, Hindemith alikuwa na umri wa miaka 26 tu alipoitunga. Alieleza mwenyewe kwamba sehemu ya kwanza na ya tano aliziandika ndani ya behewa la chakula, katika treni kati ya Frankfurt na Köln, kisha akaenda moja kwa moja jukwaani kuipiga. Ina sehemu tano. Ya nne ndiyo maarufu: mtunzi ameagiza mwendo wa wazimu, mapigo 600 hadi 640 kwa dakika, yaani kama nota kumi katika kila sekunde, na ameongeza agizo kwamba uzuri wa sauti si jambo la maana hapo. Hakuna mpigaji wa viola katika kuta nne hapo. Ni watu watatu, upinde mmoja na zulia linaloungua.

Lakini mimi sikushindwa na sehemu ya nne. Nilishindwa na ya kwanza na ya pili, ambazo mwendo wake unawezekana kabisa. Nilifungua karatasi nikatafuta do. Mwanzoni mwa mstari hapakuwa na alama yoyote ya kunieleza do iko wapi. Nikaangalia mwishoni, maana wimbo ukianza vibaya huenda ukaisha vizuri; nako sikuiona. Katikati sauti zilikwenda hatua ambazo kwaya haijapata kuzikanyaga. Badala ya kumwambia mwalimu ukweli, nilinunua sahani ya santuri yenye utungo huo, nikaisikiliza usiku na mchana mpaka nikaikariri. Alipouliza nimefika wapi, nilimpigia vipande nilivyokuwa na hakika navyo. Naye akaniandikisha katika jioni ya wanafunzi, mwezi Juni 2011.

Sitawachosha na habari za jioni ile. Nilianza vizuri. Katika sehemu ya pili kumbukumbu ilinikatika, na mtu aliyekariri bila kusoma akikatika hana pa kushika. Kama ungekuwa wimbo wa kwaya ningekisia nikarudi. Hapa kila nilichokisia kilikuwa kosa, na kila kosa lilizaa jingine. Nikasimama. Nikaanza tena, nikasimama pale pale. Mara ya tatu niliinama kwa heshima, nikatoka. Watu wale ni wastaarabu, wakapiga makofi. Na makofi ya huruma, ndugu zangu, ni mazito kuliko zomeo.

Siku ya pili yake mwalimu hakunigombeza. Aliniambia niimbe nota nne za kwanza za sehemu ya pili, bila chombo. Sikuweza. Akasema kwamba basi vidole vyangu vilikuwa vikitumwa mahali ambako mimi mwenyewe sikujua, na mjumbe asiyejua alikotumwa hawezi kulaumiwa akipotea. Tukaanza upya, na alinipa masharti ambayo ninayafuata mpaka leo. Nawapeni kama alivyonipa, kwa sababu naamini yanafaa hata kwa asiyeshika viola maishani mwake.

Sharti la kwanza: imba kabla hujapiga. Nota ambayo huwezi kuiimba huijui, hata kama kidole kimeifikia. Katika muziki usio na do, huwezi kuuliza nota iko wapi kutoka nyumbani. Unauliza iko wapi kutoka kwa jirani yake. Kwa hiyo nilijifunza kila hatua kwa jina lake na ladha yake: hatua ya pili ndogo, ya tatu kubwa, ya nne iliyopanuka, ya saba. Ilinichukua miezi mitatu kuzijua kama ninavyojua ngazi za bweni la juu gizani.

Sharti la pili: chukua kidogo. Vipimo vinne kwa usiku mmoja, wala usizidishe. Piga kwa mwendo wa pole wa aibu, pigo 50 au 60 kwa dakika, na usiongeze mwendo mpaka umepiga mara tatu mfululizo bila kosa. Ukikosea mara ya tatu, hesabu inaanza upya. Mimi ni mkaguzi, nalipenda sharti hili, kwa sababu halina nafasi ya kubembelezana.

Sharti la tatu: tumia mashahidi. Viola inao mashahidi wanne, nazo ni zile nyuzi zake. Ukipiga G kwa kidole juu ya uzi wa C, nayo ikawa sahihi kabisa, uzi wa G ulio pembeni hutetemeka wenyewe bila kuguswa. Ikiwa pungufu hata kwa unywele, uzi hunyamaza. Shahidi huyo hapokei rushwa. Siku hizi nimeongeza shahidi wa tano, yaani simu: hujirekodi kila Jumamosi, nikasikiliza Jumapili. Mara nyingi niliyekuwa nikimsifu Jumamosi simtambui Jumapili.

Sharti la nne: mkono ukiuma, acha. Viola ni kubwa na kidole cha nne hutanuka sana. Mwaka 2013, baada ya kurudi nyumbani, nilivunja sharti hili kwa ubishi, nikapiga juu ya maumivu kwa wiki tatu, na nikakaa miezi sita bila kuweza kubana kalamu sawasawa. Ubishi si bidii. Vijana wanaokesha siku kumi kabla ya mtihani wanajua ninachosema.

Msidhani kwamba masikio magumu ni ya wanafunzi peke yao. Tertis, niliyemtaja, alipoletewa konseto mpya ya kijana William Walton, aliikataa akairudisha, kwa sababu hakuuelewa muziki wake. Ikapigwa London tarehe 3 Oktoba 1929, na aliyeipiga ni Hindemith. Baadaye Tertis alikiri waziwazi kwamba alikosea, akajifunza konseto hiyo akaipiga mbele za watu. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, na ndiye aliyekuwa mpigaji mkubwa kuliko wote nchini kwake. Namheshimu kwa sauti yake, lakini namheshimu zaidi kwa kukiri huko.

Sasa nifike kwenye lile la babu.

Mwezi wa mwisho kabla sijarudi nyumbani, mwalimu alitoa karatasi nyingine. Ilikuwa sonata ya viola peke yake ya György Ligeti, aliyezaliwa Transylvania, nchini Romania, mwaka 1923. Aliiandika kati ya 1991 na 1994, ikiwa na sehemu sita. Sehemu ya kwanza inaitwa Hora lungă, kwa kufuata namna ya kuimba ya watu wa milima ya Romania, nayo hupigwa yote, mwanzo hadi mwisho, juu ya uzi wa C peke yake. Juu ya nota kuna mishale midogo inayoelekea chini, ya namna tatu. Mwalimu akaeleza: mishale hii inakuamuru ushushe sauti chini ya ile ya piano, kwa kiasi maalumu. Akasema kwamba wanafunzi wake wengi huhangaika nayo mwaka mzima, kwa sababu masikio yao yamefungwa na piano.

Hapa naomba vijana wa fizikia wanisaidie. Uzi wowote ukiutetemesha hautoi sauti moja. Unatoa mfuatano wa sauti. Ukigusa uzi katikati kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, utasikia okteva. Ukigusa kwenye theluthi, utasikia so ya juu. Robo, okteva ya pili. Sehemu ya tano, utasikia mi, lakini iko chini kidogo ya mi ya piano. Sehemu ya saba, utasikia ta, nayo iko chini zaidi, karibu theluthi ya nusu-sauti. Piano haina sauti hiyo. Ukiitafuta, utaipita au hutaifikia. Ya kumi na moja ndiyo inayokaa kabisa katikati ya funguo mbili. Ligeti amefanya kana kwamba chini ya uzi wa C kuna uzi mwingine usioonekana, wa F, na mpigaji anaimba sauti za asili za uzi huo.

Mwalimu akaniomba niimbe mstari wa kwanza, akitazamia kunisahihisha. Nilipofika kwenye mshale wa ta, sauti ilishuka yenyewe. Sikuitafuta. Ilishuka mpaka pale pale ilipokuwa ikishuka mwaka 1994 katika kwaya ya shule. Mwalimu akaninyamazisha, akachukua chombo chake, akagusa sehemu ya saba ya uzi ili apime. Zilikuwa sawa. Akaniuliza nimejifunzia wapi.

Ndugu zangu, nilikaa kimya kwa muda. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu habari za zeze. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mfuatano huo huo wa sauti za asili. Wataalamu wameandika hivyo zamani, na waliomsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, akiimba na kupiga zeze na ilimba, wamesikia sauti ya saba ikikaa mahali pake bila wasiwasi. Babu hakuwa akiimba chini ya sauti. Alikuwa akiimba kwa mizani nyingine, ambayo ni sahihi kwa hesabu, na ambayo mtunzi mkubwa wa Ulaya alilazimika kuandika kwa mishale ili wenziwe waipate. Wala yule aliyenikemea sikumlaumu tena. Kwaya yake ilifuata mizani ya kinanda, na katika mizani hiyo mimi ndiye niliyekosea. Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa sauti ile haikufaa pale, basi haikufaa popote.

Mwaka 2017 nilihamishiwa Dodoma pamoja na ofisi yetu. Kijiji chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa basi. Krismasi ya mwaka ule nilikwenda na viola, nikamkuta baba mkubwa, ambaye ndiye anayetunza zeze la babu. Baada ya mbukwenyi na chakula nikaomba ruhusa, nikawapigia wazee Hora lungă. Ni kama dakika tano au sita tu. Walisikiliza bila kusema, kama wanavyosikiliza shauri. Nilipomaliza, baba mkubwa akauliza, “Wimbo huu ni wa kabila gani?” Nikamwambia ni wa watu wa Romania, wakaao milimani, mbali sana. Akatikisa kichwa akasema, “Basi nao wana zeze.” Kisha akanyoosha mkono aione viola, akaigeuzageuza, akaipiga-piga mgongoni kwa kidole, akasema nyuzi ni nyingi mno.

Nilitamani aliyeuliza swali lile awe babu. Hilo halirekebishiki, na silisemi ili mnihurumie. Nalisema kwa vijana ambao wazee wao bado wapo nyumbani.

Msije mkadhani kwamba leo nimekuwa bingwa. Hindemith ameandika 600. Mimi, baada ya miaka zaidi ya kumi, sehemu ile ya nne naifikisha 420 siku ambayo nimelala vizuri. Sehemu ya kwanza na ya pili nazipiga, na nazipiga kwa kusoma. Hora lungă naipiga. Sehemu nyingine za Ligeti sijazigusa zote, na huenda nitastaafu kabla hazijakubali.

Sasa ombi langu. Asubuhi hii Mkuu wa Shule alikuwa na ukarimu wa kunionyesha chumba kile nyuma ya maktaba. Viola bado ipo. Imebaki na nyuzi mbili, daraja lake limeinama, na upinde hauna unywele hata mmoja. Nimeona pia orodha ya vifaa chakavu inayopelekwa kwenye Bodi ili vifutwe katika leja ya shule, na viola ni namba 14, baina ya kabati lisilo na mlango na pasi ya mkaa. Mimi nimefuta mali nyingi za Serikali katika maisha yangu, na najua utaratibu. Chombo kisichotumika kwa miaka ishirini kina haki ya kuwa chakavu. Sina ubishi na karani aliyeandika.

Lakini mwili wake haujapasuka, nimeugonga, nikausikiliza. Naiomba Bodi iiondoe namba 14 katika orodha hiyo. Mimi nitaleta seti ya nyuzi, daraja jipya na upinde kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na nitakuja Jumamosi moja kila mwezi kumfundisha kijana yeyote atakayependa, mwenye vidole vyembamba au vinene. Nawaomba ninyi wenzangu mshike zile fidla nne, kila darasa fidla moja, maana nazo ni namba 15 hadi 18.

Na kijana atakayekuja Jumamosi hiyo ajue mapema kwamba kabla sijampa upinde nitamwambia aimbe. Aimbe chochote, cha kwaya au cha bibi yake. Nitasikiliza kwanza kabla sijamsahihisha.